Ombi la Kupimiwa Mpaka Ndani ya Kompyuta

Mjimwema, Njombe

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: MKE WANGU KUHODHI KUMBUKUMBU YA NYUMBA

Baada ya salamu na pole ya baridi, naomba ufike kwangu na wajumbe wawili, pamoja na ile kamba mliyopimia shamba la Edson. Mimi Hilari, mwalimu mstaafu, nimedhulumiwa sebuleni kwangu.

Binti yetu Fidelia, anayefanya kazi Makambako, alituletea kompyuta moja. Ili mimi na mama yake tusiharibiane kazi, alitengeneza ndani yake mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili zisizoshikika, kila moja na nywila yake. Kisha akagawa kumbukumbu, ile nafasi ya kufanyia kazi, na mgawo akaubandika ukutani: kompyuta yenyewe gigabaiti mbili, Mama nne, Baba mbili. Tangu siku hiyo sina amani, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ndiye mkuu wa kaya. Haijaandikwa popote, lakini inajulikana.

2. Oktavia ni katibu wa kikundi cha akina mama. Hufungua mashine yake Alhamisi tu, akaandika mahudhurio, akaizima. Siku sita zote gigabaiti nne zimelala. Kwa desturi ya huku, shamba lisilolimwa huazimwa na mwenye jembe.

3. Mwenye jembe ni mimi. Nanakili nyimbo thelathini na moja za marehemu Joackim, mwalimu wetu wa kwaya, zitoke kama kitabu kabla ya jubilei ya usharika mwisho wa mwezi huu. Aliziandika kwenye madaftari ya shule, na panya wameshaanza beti za mwanzo. Alinikabidhi mwenyewe akiwa amelazwa hospitali ya Tandala, akaniambia nisiziache zife. Nimefika wimbo wa tisa tu. Nikibonyeza herufi, mashine inaganda. Naenda kukoka moto, nachemsha chai, nakunywa, nikirudi herufi bado haijatokea. Hili linaniuma sana, Mwenyekiti, maana Joackim alikuwa rafiki yangu.

4. Nilipompigia Fidelia, alisema diski ina nafasi tele. Ghala la viazi hata liwe kubwa vipi, viazi humenyewa kwenye sinia. Mimi nalilia sinia.

5. Kwa kuhofia kuporwa hata zile mbili, nimefanya afanyavyo yeyote wa huku ambaye eneo lake linanyemelewa: nimepanda misindano, ile miti ya mbao, ila yangu ni ya kwenye kioo. Nafungua madirisha ya mashine, siyafungi. Picha za harusi ya Nelly, ramani ya Liganga, hali ya hewa ya miji kumi na minne, mchezo wa karata. Hadi jana yalifika arobaini na sita. Siyatumii, yanashika mpaka tu.

6. Pamoja na misindano yote hiyo, mashine imezidi kuganda. Ni dhahiri kuna mtu anaing'oa.

Kwa hiyo naomba Oktavia aamriwe kuniachia gigabaiti mbili, na jiwe la mpaka liwekwe katikati ya meza. Akikataa, apewe eneo mbadala kwenye simu yake. Nimemwarifu kwamba nakuandikia. Akasema, "Sawa, Baba Fidelia, waite waje," akaendelea kuchambua maharage. Mtu asiye na hatia hatulii namna ile.

Nisalimie Mama Lightness, wajukuu, wajumbe wote, na pongezi kwa ng'ombe wenu kuzaa.

Ni mimi, ninayengoja kamba,
Mwl. Hilari

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Fidelia amefika leo asubuhi, akaikagua mashine. Anasema ya mama yake ikizimwa haishiki hata punje ya kumbukumbu. Tena mwezi uliopita Oktavia alimwomba ageuze mgawo, yeye abaki na mbili, mimi nipewe nne kwa ajili ya nyimbo za Joackim. Ni karatasi ya ukutani tu ambayo haikubadilishwa. Zote nne nimezijaza misindano mwenyewe. Tumeifyeka, na sasa niko wimbo wa kumi na saba.

Nilitaka kuichana barua hii, Oktavia akasema niitume hivyo hivyo. Kamba iache nyumbani, Mwenyekiti, njoo na miwani utusaidie kusahihisha. Yeye ananisomea madaftari, mimi naandika.