Busta ya Mjomba Sikuli na Safari ya Bibi Harusi

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nimetukanwa na dada yangu wa tumbo moja. Virginie alikuja asubuhi, akakataa kiti, akasema harusi ya binti yake Léa ni Jumamosi ya wiki ijayo kule Beni, na gari la kumbeba bibi harusi bado halijachaguliwa. Halijachaguliwa! Mjomba ni nani? Mimi. Korola iko wapi? Hapa. Akaitazama Korola ilivyoegeshwa mlimani, pua chini, kama ninavyoiegesha miaka yote ili iwake kwa kuserereka. Akasema: "Gari ya kusukuma hapana itabeba mutoto yangu. Ku Beni batatucheka." Kisha akamtaja Lusenge.

Lusenge! Jirani yetu muuza maharagwe, anayeosha gari lake hata siku ya mvua. Hana kasoro hata moja, na hilo ndilo lisilovumilika kwake.

Nimemwapia Virginie kwamba siku ile Korola itawaka mlangoni kwake, penye tambarare, bila mkono wa mtu kuigusa. Isipowaka, Lusenge abebe. Alikubali upesi mno. Sikupenda.

Mke wangu Godelive kauliza kwa nini nisinunue tu betri mpya. Betri mpya! Inakaa chini ya boneti, nani ataiona? Mimi nataka busta, kile kisanduku cha kubeba mkononi chenye vibanio viwili, kinachoamsha gari lililokufa mbele za watu. Mbele za watu, ndiyo maana yake.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimekwenda kwa Malachie, mwenye duka la vipuri hapa mtaani kwetu Mususa. Sijawahi kuona mfanyabiashara mbovu namna hii. Nimemwomba busta, naye ananihoji kama mgonjwa: "Moteur ni ya litre ngapi? Essence ao mazout? Betri ni ya volt ngapi?" Petroli au dizeli, anauliza! Nikamjibu kwamba gari ni jeupe.

Akanitolea kidude cha rangi ya chungwa, kidogo kama kipande cha sabuni. Eti kinatosha Korola, eti kina ulinzi ndani, ukikosea vibanio hakiwaki. Ulinzi! Sijakosea tangu nizaliwe. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye rafu ya chini, kwenye sanduku kubwa lenye picha ya simba. Ampea elfu nane! Tochi, king'ora, matundu matatu ya kuchajia simu. Malachie akasema namba ya kwenye karatoni ni ya kuuzia tu, chombo chenyewe ni chepesi mno kwa namba hiyo, na wawili wameshamrudishia. Nikamweleza kwamba chepesi ni sifa.

Nimetoka na simba. Nilipogeuka, Malachie alikuwa anatikisa kichwa. Wivu.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Imewaka! Nimeshusha Korola hadi uwanja wa kanisa, tambarare kabisa, nikaizima kwa makusudi, nikabana vibanio, na mlio mmoja tu, Korola ikanguruma. Kwaya nzima iliyokuwa inafanya mazoezi ikasimama katikati ya wimbo. Nikawapigia na king'ora.

Lusenge naye alikuwepo. Akanipongeza. Kwa dhati! Nusu ya furaha yangu ikaharibika palepale.

Wanakwaya wakaomba kuchaji simu. Nimekubali zote, tatu tatu, hadi jioni. Sasa wanaimba huku wananitazama mimi.

Godelive amekaa anasoma kikaratasi kilichokuwa ndani ya sanduku. Kwa sauti. Chaji mara baada ya kuitumia. Weka pakavu na pa ubaridi, usiache garini, usiache juani, ikivimba usiitumie tena. Kurasa nne za woga. Nimekichukua kikaratasi nikawashia makaa.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Taa moja. Kati ya taa nne za busta imebaki moja, nayo inakonyeza. Simu za kwaya zimeninyonya. Waimbaji wana njaa hata ya umeme.

Godelive anasema niichomeke ukutani kwa saa sita, iachwe itulie. Umeme wetu unakuja na kuondoka utakavyo, saa sita nitazipata wapi? Halafu nikamkumbuka marehemu baba. Redio yake ilipokuwa inakata sauti, alitoa betri akazianika juu ya bati, na jioni tulisikia habari hadi mwisho. Nani hapa Butembo hajafanya hivyo? Betri ni betri. Baridi ya huku ndiyo inayozichosha, na hao walioandika kikaratasi hawajawahi kulala huku.

Nimepanda juu ya nyumba. Busta iko kwenye bati, jua la saa tano, imefunikwa karatasi nyeusi ili ivute joto vizuri. Lusenge alipita akauliza natafuta nini juu. Nikamwambia natengeneza mfereji.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Siku ya tatu ya jua. Busta imeshiba! Tumbo limejaa kabisa, kifuniko kimeinuka pembeni. Ni umeme uliomo ndani unatafuta nafasi. Taa bado ni moja, lakini taa zenyewe nani aliziamini?

Godelive alipoiona akawatoa mwanangu Hadassa na wadogo zake ndani, akaisukuma kwa fimbo ya ufagio hadi uani, akaizungushia mchanga. Mwanamke msomi, anaogopa kisanduku. Akamwita Lusenge. Lusenge! Uani kwangu! Akaja, akachuchumaa mbali, akasema kwa upole wake ule wa kuudhi: "Baba Hadassa, hii kintu imeshakufa, lakini iko na moto ndani. Usiiguse tena. Niko na câbles za betri, Jumamosi nitakusaidia, basi utabeba Léa wewe mwenyewe."

Anisaidie! Ili Beni nzima iambiwe kwamba Korola ya mjomba imeamshwa na maharagwe! Nimemshukuru kwa baridi. Alipoondoka, nimeifungia busta kwenye buti la Korola.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba. Beni, baada ya chakula.

Nitaandika kwa ufupi.

Saa moja asubuhi, mlango wa Virginie. Tambarare. Léa akatoka, gauni jeupe, akaja moja kwa moja kwenye Korola na kuketi nyuma. Alilipita gari la Lusenge lililoegeshwa pembeni, tayari limeoshwa. Alisema amengojea kubebwa na mjomba wake tangu utotoni. Nikatia ufunguo. Tik. Nikawaomba wote watazame.

Nikabana vibanio. Busta ikafoka kama maziwa yaliyochemka. Halafu moshi, mweupe, mwingi, wenye harufu ya plastiki. Lusenge alikuja mbio na beleshi, akaichota, akaitupa mtaroni na kuifukia mchanga. Watu walimpigia makofi. Virginie alikuwa ameshamvuta Léa nje, gauni lina doa la masizi begani, na mtoto wa watu anakohoa siku ya harusi yake.

Lusenge akatoa nyaya zake. Akasema dakika tano tu, Korola itawaka, Sikuli abebe. Mbele za watu wote. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana. Léa alinitazama, akanishika mkono, akasema: "Mujomba, kuja tu tuende pamoja, nafasi iko." Nikasema hapana tena.

Akaingia kwa Lusenge. Mimi nimesafiri hadi Beni nyuma kwenye pikapu ya kwaya, kati ya vipaza sauti vyao, nikitazama tulikotoka. Niliumia. Nimeshaandika, basi.

Gari la Lusenge lina mto wa kichwa hata kwa abiria wa nyuma. Majivuno matupu.

Jumanne, tarehe 23 Septemba

Nimefikiri sana na kosa nimelipata. Ni jua la Septemba. Mawingu kila saa, linapasha nusu nusu. Betri iliyopashwa nusu lazima ikasirike.

Virginie katuma habari kwamba Léa atakuja kutusalimia mwezi ujao na mumewe, na atahitaji kurudishwa Beni. Nimetuma jibu: Korola. Nangoja neno lake.

Malachie alikataa kuniuzia busta ya lori, eti volti zake ni mara mbili ya gari langu na nitaunguza kila kitu. Mara mbili! Ndiyo ninayoitaka. Nimeipata kwa mwingine, asiyeuliza swali hata moja. Huyo ndiye anayejua biashara.

Nimeiweka mahali penye joto la kudumu: jikoni, kwenye dari la fito juu ya mafiga, pale Godelive anapohifadhi mahindi ya mbegu. Mbegu hukaa pale mwaka mzima hazioti ukungu.

Godelive amechungulia juu. Ameteremsha mahindi yote, akahamishia sufuria na makaa uani, anapikia kwenye manyunyu. Hatimaye kuna mtu nyumbani humu anayekipa chombo changu nafasi.

Tatizo ni moja tu, mafiga sasa yamepoa. Kesho nitawasha moto mwenyewe.