Kiti Kilichomshinda Bibi Avelina

"Moshi hii hakuna kiti kilichowahi kunishinda," alisema Bibi Avelina akijiweka sawa kwenye benchi la kahawa la Khalid, pale Pasua. "Kigoda, stuli, gunia la mahindi, vyote nimevikalia. Ukiacha kile cha Jumapili, ambacho hadi leo sijui kama kilikuwa kiti au bodaboda."

Benchi likacheka. Jumapili iliyopita Bibi alialikwa kipaimara huko Uru, akapewa kiti cha heshima chenye magurudumu, akaegemea, mteremko ukamalizia kazi. Tangu hapo wakamwita Bibi Breki. Jina la mwenye sherehe alilitunza chini ya ulimi kama ugoro.

"Kimya, taarifa!" Khalid akaongeza sauti ya redio.

Eti lile ghorofa la maofisi pale mjini limeingia uchumi wa mzunguko. Hakuna kutupa: karatasi zitaandikwa pande zote, maganda ya jikoni yatageuzwa mbolea, viti vibovu vitatengenezwa virudi kazini.

Remigius akaruka. Ni seremala, wanamwita Msumari, na tangu watu wahamie viti vya plastiki, randa yake imeota kutu.

"Viti! Meneja, si ni jengo lenu hilo? Nipe kazi, ndugu yangu!"

Primus, anayesimamia vifaa vya jengo hilo, akanyoosha tai.

"Umechelewa, Msumari. Vyote vimesagwa. Unga wake tumemwagia maua."

"Viti vya chuma?" Khalid akauliza. "Maua yenu yanatafuna chuma?"

"Ndiyo teknolojia. Nimetoka semina."

"Semina ile mliyogawiwa maji ya chupa za plastiki, katoni kwa katoni?"

"Chupa zilishughulikiwa."

"Vipi?"

"Zilichomwa nyuma ya jengo."

Khalid alicheka hadi akamwaga kahawa. Bibi Avelina akatikisa kichwa.

"Mama yangu alikuwa na mzunguko wake. Mgomba ulilisha ng'ombe, ng'ombe akalisha mgomba, sisi tukala katikati. Na hakuna aliyevaa tai."

"Shikamoo, Bibi, lakini hicho ni kilimo."

"Marahaba. Kilimo ndicho kilichokununulia hiyo tai."

Remigius hakucheka. Aliinuka taratibu, akajipangusa suruali.

"Basi. Na nilishamwambia mke wangu watoto wataenda shule na viatu."

Bibi Avelina akamtazama, ulimi ukamwasha.

"Kaa, Msumari. Kazi ipo. Kile kiti cha Jumapili mguu umekatika kabisa, magurudumu yametawanyika mgombani. Nenda kakiunge."

"Mguu upi, Bibi!" Primus akasimama. "Kile ni kizima! Nimekikagua mwenyewe, kimechubuka tu pale kilipogonga pipa la pombe ya mbege!"

Khalid akaacha kumimina. Bibi Avelina akafyonza kahawa yake bila haraka.

"Mbona mimi sijataja pipa?"

Remigius akarudi kukaa, uso umemkunjuka.

"Kumbe vilisagwa, vikaota tena Uru?"

Primus akaangaza macho huku na huku, kama anayetafuta jani la isale la kuombea msamaha. Pasua pale hakuna isale, kuna vumbi.

"Ni kimoja tu, jamani. Niliazima kimoja, kwa ajili ya wazee."

"Kimoja?" Bibi Avelina akaweka kikombe chini. "Na kile alichokalia padri, akawa anabariki chakula huku anazunguka?"