Mto wa Utulivu

Ilitangazwa mjini Kilosa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba kuanzia muhula huo kutotulia kwa watoto kumefutwa rasmi. Wazazi wa mtaa wa Mabwerebwere walitoka nje kuwaangalia watoto wao. Watoto walikuwa wanaikimbiza bajaji.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Bwana Fortunatus, Mratibu wa Kitengo cha Utulivu wa Wanafunzi, kitengo kipya chenye chumba kimoja, feni moja na kibao kikubwa kuliko mlango. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Kikao kikianza tu, ameshainuka kufungua dirisha, ametoka kupokea simu, amerudi, anajikuna shingo kwa kalamu na kumkatiza mwenyekiti. Wakubwa walipomwona vile wakasema huyu ni mchapakazi, wakampandisha cheo hadi cheo, mpaka akafika hapo, kwenye kazi ya kuwakalisha wengine.

Alianza na utafiti. Aliingia darasa la tatu la shule moja ya Mabwerebwere, na darasa zima likasimama na kumwimbia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa ukunjufu, kisha akaandika kwamba wanafunzi wote wameinuka bila ruhusa. Akatoka nje, akaingia tena ili kuhakikisha. Wakasimama tena. Jioni aliwaambia wenzake ofisini kuwa hali ni mbaya, na kwamba inaelekea watoto hawa wanafanya makusudi.

Hata hivyo mmoja alimvutia zaidi. Mwanakheri, binti wa muuza vitumbua, alisimama na wenzake lakini kukaa akasahau. Alikwenda dirishani, akapiga chafya, akafikicha macho, akajibu swali ambalo mwalimu alikuwa hajamaliza kuliuliza, halafu akaanza kutafuta penseli aliyokuwa ameishika. Fortunatus alifurahi sana. Kitengo kilikuwa kimepata mtu wa kumhudumia.

Huduma yenyewe ilikuwa Mto wa Utulivu. Kitengo kilitafakari kwa kina, kikabaini kwamba mtoto hatulii kwa sababu benchi ni gumu. Sufi ilikuwepo, imekaa kwenye ghala moja kuukuu tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, pamoja na panya wake. Ikashindiliwa kwenye mito jinsi ilivyo, kila mtoto akapewa wake akalie. Kabla wiki haijaisha darasa la tatu lilikuwa linapiga chafya kuanzia mstari wa mbele mpaka wa nyuma, na hakuna aliyekuwa anasikia hesabu. Kitengo kikapima, kikakuta kutotulia kumeongezeka, kikaagiza mito minene zaidi.

Mwanakheri, kwa kuwa alikuwa mfano wa wilaya nzima, aliongezewa mto mwingine wa kulalia nyumbani. Usiku alikoroma kwa pua iliyoziba, mchana alisinzia, na akizinduka aliruka kama aliyekalia siafu. Fortunatus alimwonea huruma kweli, na huruma yake ikawa kali. Aliamua kwamba asipotulia mbele ya mgeni rasmi kwenye maadhimisho ya utulivu ya wilaya yatakayofanyika Mikumi, atapelekwa Kituo cha Utulivu kule Lumuma, akae huko bweni mpaka abadilike. Kituo kilikuwa kimeshapakwa rangi. Kilichokosekana ni mtoto.

Mama Mwanakheri alipopata habari hizo hakulala. Asubuhi aliacha vitumbua kwa jirani, akampitia Daktari Agatha kwenye zahanati yake, wakaenda pamoja kwenye kile chumba chenye feni. Baada ya salamu, daktari alieleza kwa upole. Mtoto ana mzio. Watoto wenye mafua ya mzio, pumu au ngozi inayowasha huonekana mara nyingi zaidi kuwa na lile tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Si kwamba mzio ndio tatizo lenyewe, wala si kila anayepiga chafya analo. Lakini mtoto asiyepumua vizuri usiku hawezi kusikiliza mchana.

"Tuondoe kwanza kinachomwasha," alisema. "Halafu tuangalie kilichobaki. Kama kuna kilichobaki, nacho tukitibu."

Fortunatus alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa amesimama dirishani. Alikiri kwamba hoja ni nzito, ila ina kasoro ya kimuundo. Pua iko Idara ya Afya. Kutotulia kuko Idara ya Elimu. Waraka wake unasema mtoto mmoja idara moja, la sivyo atahudumiwa mara mbili, na hiyo ni hujuma.

"Kwa hiyo achague," alisema. "Pua au kukaa."

"Baba, mwanangu amezaliwa na vyote viwili," alisema Mama Mwanakheri.

"Hilo lilikuwa kosa la mipango, mama."

Mama Mwanakheri aliogopa, na hasira ikampanda juu ya woga huo. Alimshukuru, maana mkubwa hushukuriwa hata akikukosea, akapitia shuleni kuuchukua mto wa darasani, akarudi nyumbani na kuitupa mito yote miwili shimoni nyuma ya choo. Daktari Agatha alimpa mtoto dawa ya mzio, akaagiza shuka zifuliwe na kuanikwa juani. Mwanakheri akalala usingizi ambao nyumba ile ilikuwa imeusahau. Chafya zikapungua. Darasani bado alikuwa mtu wa kuinuka, lakini sasa alikuwa anarudi.

Siku ya Mikumi ilifika. Ukumbi wa hoteli ulipambwa, na watoto wa shule wakaletwa kwa basi pamoja na mito yao. Hapo pakazuka jambo la itifaki. Viti vyote vilikuwa vya plastiki, na haikubaliki mtoto akalie mto wakati mkubwa anakalia plastiki. Fortunatus alitatua palepale. Mito ikakusanywa, ikapelekwa meza kuu, na mgeni rasmi, Mheshimiwa Onesphory, kwa heshima ya cheo chake akapewa mitatu. Daktari Agatha alikuwa ameombwa kuwa msimamizi wa kupima utulivu, kwa sababu waraka ulitaka mtaalamu na hakukuwa na mwingine. Mama Mwanakheri alikaa nyuma kabisa, ameshika pindo la kanga yake, anamtazama mwanawe kisogoni.

Fortunatus akaanza kuhutubia. Alikuwa hajamaliza kuwatambua wageni Mheshimiwa alipopiga chafya. Akafuata mkubwa aliyekaa kushoto kwake. Baadaye meza kuu nzima ilikuwa inafikicha macho, inajikuna, inasimama, inakaa, inamkatiza msemaji kuomba leso. Fortunatus mwenyewe aliacha kipaza sauti mara kadhaa kwenda kukagua madirisha. Watoto walikaa kwenye plastiki, wakiwatazama kwa mshangao na adabu.

Daktari Agatha alisimama kusoma matokeo. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Watoto wote wamefaulu, alisema. Mwanakheri aliinuka mara moja kutazama nyani juu ya paa, akarudi kukaa mwenyewe, na zahanati itaendelea kumfuatilia kwa hilo. Walioshindwa, kwa mujibu wa waraka, ni meza kuu.

Mheshimiwa, macho yamemvimba, aliagiza gari limpeleke hospitali. Na hapo Fortunatus, ambaye waraka alikuwa anauota hata usingizini, akamjibu kabla hajafikiri.

"Mheshimiwa, chafya ni Afya, kuinuka ni Elimu. Itabidi uchague."

Mheshimiwa Onesphory alipenga kamasi taratibu.

"Nimekuja Mikumi na pua na makalio," alisema, "na nitaondoka na vyote. Na kuanzia leo kila mtoto wa wilaya hii atatibiwa kama alivyo." Akageuka. "Hicho kituo cha Lumuma, nani anakaa?"

"Bado hakuna mtu, Mheshimiwa."

"Basi yupo. Utaripoti Jumatatu."

Watoto walipiga makofi kwa sababu walimu walipiga, na walimu walipiga kwa furaha isiyo na maelezo. Mama Mwanakheri alimkumbatia binti yake mpaka binti akaomba aachiwe, maana nyani walikuwa wamerudi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa utu, alimfuata Fortunatus aliyekuwa akizunguka peke yake nje ya ukumbi, anajikuna shingo, akampa pole ya uhamisho.

"Lumuma kuzuri, baba," alimwambia. "Ila mto usibebe."