Chenga Nyeupe Kwenye Harusi Yangu

Ludara, Koboko
Jumatatu

Kwa Fundi Ruffin,
Duka la kuhamisha kanda za video,
Arua mjini.

Ndugu yangu Fundi,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii ni nzito.

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu wa bahati. Koboko nzima, kanda za harusi za mwaka 1999 zimeliwa na ukungu, zingine na panya, zingine watoto wamefungia mbuzi. Yangu mimi Yakani imekaa miaka yote hii ndani ya sanduku la jeshi la marehemu baba, safi kama siku ilipotoka kwenye kamera. Nimefika Juba, nimefika Kisangani, Nairobi nimelala siku mbili, sijaona kanda yenye afya kama ile. Ndiyo nikakuletea kwa mikono miwili uiweke kwenye diski.

Sasa malalamiko, kwa namba, kama tulivyofundishwa darasa la sita, pale nilipoishia.

1. Diski yako iko na chenga nyeupe. Zinaanguka kuanzia bibi harusi anaposhuka kwenye pikapu mpaka kwenye pilau. Wakwe wa binti yangu, watu wa Aroi, walikuja kuangalia wakaniuliza kama nilioa Ulaya. Tangu lini theluji inaanguka Koboko?

2. Picha inapanda. Miguu ya watu iko juu, vichwa viko chini, halafu wanaanza tena. Nairobi nilipanda lifti. Ile ni mashine, lakini ina adabu, inasimama.

3. Suti yangu ilikuwa ya buluu. Kwako imekuwa ya kijani, tena imevuja ikamfikia shehe. Mtu wa Mungu amekaa nusu kijani, anafungisha ndoa kama kasuku.

4. Hii ndiyo inaniuma. Mama mkwe wangu, marehemu Mariam Poni, anaingia akicheza, anainua mkono apige vigelegele, na hapohapo mistari inapita juu ya uso wake. Sauti iko. Uso hakuna. Binti yetu ana jina lake na hakumkuta duniani. Tangu mdogo anaambiwa, "Wewe Poni, unatembea kama bibi yako." Picha nyingine ya bibi hatuna. Jumamosi anaolewa, na alitaka amwone mara moja tu kabla hajatoka nyumbani. Aliangalia ile mistari mara tatu, akasema, "Si kitu, baba." Mimi nazijua "si kitu" za nyumba hii.

Nilipokupigia simu ulinijibu, "Papa Yakani, mashine iko muzima, kanda ndiyo mugonjwa. Rudisha niisafishe." Nikacheka mpaka mke wangu Zulaika akatoka jikoni. Kanda yangu, mgonjwa!

Kwa hiyo naomba kwa heshima: uje na kamera kabla ya Jumamosi, turudie harusi ya 1999 yote. Suti ninayo, tumbo tu ndilo limeongezeka. Zulaika amekubali kuolewa tena, kwa masharti. Shehe yuko, na safari hii usimpake rangi. Pikapu tutaisukuma. Kila mtu amepatikana isipokuwa mmoja, na ni kwa ajili ya huyo mmoja tunarudia harusi yenyewe. Hapo mpango wangu umekwama, nakuambia wazi.

Wako katika hasira na upendo,
Yakani Shafiki

Msalimie mama watoto, Estelle, na majirani wote wa duka, hata yule paka wako anayelala juu ya deki ya video. Nafikiri chenga ni manyoya yake.

Tena: Paka hana kosa. Mwezi uliopita nilifungua sanduku nikakuta kanda imeota ukungu. Kwetu kitu chenye ukungu kinaanikwa. Nikafungua skrubu, nikavuta utepe wote, nikauanika kwenye mkeka pamoja na muhogo wa Zulaika. Mbuzi akapita juu. Nikaukunja tena kwa kidole, na unga ukaingia nao. Chenga zako ni muhogo wetu, na lifti ni mbuzi. Lakini kipande cha mama mkwe kilikuwa mwisho wa mkeka, mbuzi hakufika huko. Pale ni unga tu. Kanda nimeituma pamoja na barua hii, nimeifunga kwa tai ya harusi. Futa taratibu, ndugu yangu, Poni anangoja. Ile bahati niliyojisifia mwanzo wa barua sina. Nilidanganya.