Tango la Diriye Nundu

Nikutege moja kabla chai haijapoa. Kuna mzigo ambao mtu anautembeza mjini kwa fahari, hautui kivulini wala hampi mwenzake amsaidie kuubeba. Siku akiutua, watu hawampi pole ya uchovu. Wanaulizana amefilisika lini. Mzigo gani huo?

Umeshindwa? Basi nipe Garissa yote na daraja lake juu, nikwambie. Ni kitambi.

Na hiki ninachokusimulia kilikuwa cha Diriye, dalali wa ngamia. Soko zima la mifugo lilimwita Nundu, maana tumbo lake ndilo lilifika kwanza kila mahali, yeye akaja nyuma yake kama mchungaji. Sasa tumbo hilo lilikuwa linayeyuka mbele ya macho ya watu kama samli juani, na aliyekosa usingizi kwa ajili yake alikuwa Weris, mama wa chai.

Weris alikuwa na sababu. Yeye ndiye aliyemtafutia Abdimalik, mtoto wa kaka yake, mchumba, na mchumba mwenyewe ni Filsan, binti wa huyo huyo Diriye. Maneno yalikuwa yamekwisha, imebaki wazee watoke Ijara waje wakae mkekani wafunge habari. Leo ndiyo siku yenyewe. Lakini alfajiri kaka yake, Abdisamad, alimpigia simu na sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Weris, huku tunasikia baba wa msichana anakauka. Ana ugonjwa gani? Ama ngamia zake zimeisha anaona haya kusema?"

"Mimi sijui, kaka. Namwona tu anapungua."

"Basi mwulize. Sisi tunaondoka sasa. Tukifika Bura tutasimama tunywe chai. Usipokuwa na jibu, tunageuza gari."

Ndiyo maana asubuhi hiyo ya mnada Weris alikuwa anamimina chai huku shingo imegeukia lango la soko, na mara mbili alimimina nje ya glasi.

Kwenye benchi zake chini ya turubai walikuwa wamekaa wale wa kila siku. Abdinasir wa tuktuk, wanamwita Bando, kwa vile simu yake haikosi intaneti hata mfuko ukikosa kitu. Mwalimu Koome, mtu wa Meru, jina lake hapo ni Silabasi. Shule zimefungwa lakini kwao hakwenda, anasema joto la hapa limemzoeza vibaya, baridi ya huko haiwezi tena. Na Mzee Salah, ambaye wanamwita Ukame, kwa sababu ukimsalimia tu asubuhi, salamu yenyewe itakufikisha kwenye mwaka ng'ombe walipokufa.

"Oneni hii," Bando alisema, kidole kikisugua kioo cha simu. "Daktari mmoja wa Nairobi, watu wanaomfuata ni kama mchanga. Anasema msee mnene akitaka kupungua chapchap, ale kalori mia nane kwa siku nzima. Paketi nne za supu ya unga, basi, maisha imeisha. Na watu wanalipa!"

"Wanalipa supu?" Mzee Salah aliuliza.

"Wanalipa njaa, mzee. Supu ni ya kusindikiza."

Mzee Salah aliiweka glasi chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu kabla hajapigana. "Hii kalori ni nani?"

"Si mtu, mzee," Koome alisema, na tayari alikuwa amejiweka sawa kama yuko mbele ya ubao. "Ni kipimo cha joto. Ukichukua chakula ukakichoma, ule moto wake ukapasha maji, basi vile maji yanavyopata joto..."

"Kwa hiyo mimi ni sufuria."

"Kwa lugha ya sayansi, tunaweza kusema..."

"Weris, umesikia? Mwalimu wa serikali ameniita sufuria."

"Tena sufuria bila kifuniko," Bando alisema. "Ngoja nitafute shaah, hii chai ya hapa. Glasi moja, maziwa ya ngamia, na sukari ya eddo Weris, shangazi yetu..."

"Sukari yangu imefanya nini?" Weris aliuliza.

"Hakuna kitu, eddo. Ni vile kijiko kinasimama chenyewe. Hapa wanasema... tuseme karibu mia mbili."

Kila mmoja aliangalia glasi yake kama imemsengenya.

"Glasi nne, mia nane," Koome alisema polepole.

"Wewe umeshika ya ngapi, Mwalimu?"

"Hii ni ya tatu."

"Na mandazi?"

"Mandazi hakuna mtu ameuliza."

"Basi tusiulize," alisema Mzee Salah. "Lakini mimi nataka kuelewa. Ule mwaka wa ukame, Balambala, walikuja watu na gari nyeupe. Wakapima watoto mkono kwa utepe. Utepe ukisema nyekundu, unapewa unga na mafuta. Ukisema kijani, rudi nyumbani. Jirani yangu alirudishwa kwa kijani akalia barabara nzima. Anasema, mtoto huyu amenipa aibu, alikunywa maziwa ya nani?"

Bando alicheka hadi chai ikampalia.

"Usicheke! Nataka kujua, ile njaa yetu ya bure, hawa wa Nairobi wanauziwa bei gani? Maana mimi ninayo uzoefu. Ninaweza kufungua ofisi."

"Daktari Ukame," Koome alisema. "Mgonjwa akiingia unamwambia nini?"

"Namwambia kaa hapo. Halafu mimi naenda nyumbani."

Weris hakucheka. Alikuwa amemwona Diriye akitoka langoni mwa soko. Shati lilimning'inia kama limeanikwa kwenye msumari, na shuka yake ameikunja kiunoni mara mbili, akaishika na mkanda, akaishika tena na mkono.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salaam, adeer Nundu," Bando aliitikia kwa heshima ya mtu na ami yake, akamtazama juu mpaka chini. "Nundu yenyewe umeiacha kwa nani?"

"Sogea huko nikae."

"Hata usinisogeze, nafasi ya kalamu inakutosha."

Diriye aliketi. Mzee Salah naye hakungoja mtu apumue. "Ni kweli vile nasikia, kuhusu yule mwenye ngamia wa Buna?"

Nawe usije ukaachwa nyuma: kwa madalali hawa bei ya ngamia haipigiwi kelele. Dalali na mwenye mali wanashikana mikono chini ya kitambaa, na vidole ndivyo vinavyozungumza, watazamaji wabaki na macho yao.

"Hatukuelewana bei," Diriye alisema.

"Hakufika kwa bei! Aliingiza mkono chini ya kitambaa akautoa mbio. Anatangaza soko nzima ameshika mswaki."

"Ana mdomo mrefu, yule."

"Anasema, dalali ambaye hajilishi, ngamia wangu atawauza kwa nani? Kwa malaika?"

Weris aliona hapo ndipo pa kuingilia. "Walaal Diriye, ndugu yangu, nikuwekee shaah?"

"Niwekee ya rangi. Bila sukari."

Birika likasimama hewani. "Bila maziwa?"

"Bila."

"Na bila sukari."

"Weris, nimesema."

"Hayo sasa ni maji ya kuoshea birika, walaal. Hata sijui nikuuzie ama nikuombe radhi."

Alimpa hivyo hivyo. Halafu akaingia nyuma ya pazia, akatoka na bakuli. Alikuwa ameiandaa tangu asubuhi kama mtego wa fisi: nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikalala kwenye samli na hiliki. Zamani Diriye alikuwa akisikia harufu yake kutoka upande wa pili wa mnada na kuacha ngamia katikati ya bei. Weris aliiweka mbele yake, akajisemea moyoni: akila, mzima. Asipokula, kaka ageuze gari.

Diriye aliiangalia ile bakuli kama mtu anayemsindikiza mtoto wake uwanja wa ndege. Akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Karibuni nyinyi."

Halafu akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa tango. Tango zima, kijani, limeoshwa. Akaliuma.

Jamani! Kwenye soko la ngamia la Garissa, siku ya mnada, dalali anakula tango. Ngamia mmoja upande wa pili wa ua alinyoosha shingo aone ni mwenzake yupi amepewa benchi.

"Kalori mia nane!" Bando aliruka. "Wallahi, adeer yuko kwa ile kitu ya daktari wa simu!"

"Si wa simu. Ni daktari wa hospitali kabisa, ndiye aliandika."

"Alikuandikia tango?" Mzee Salah aliuliza. "Umemkosea nini?"

"Basi ni sukari," Koome alisema, akishusha sauti kiungwana ili wote wasikie. "Mzee Diriye, ugonjwa wa sukari si aibu."

"Sina sukari. Walinipima, damu yangu ni kama ya kijana."

"Presha?"

"Sina."

"Ngamia zimekufa?" Weris aliuliza haraka.

"Ngamia ziko. Zina mafuta kuliko mimi."

"Basi unaoa," Mzee Salah alisema, akapiga goti lake. "Imeisha hiyo! Mwanaume wa umri wako akianza kula majani, kuna msichana mahali. Rafiki yangu mmoja wa Wajir alianza hivi hivi na mboga, mwisho akapaka hina ndevu."

Weris akaanza kuhesabu mikeka moyoni. Binti anaolewa, baba naye anaoa, wazee wa Ijara wakae mkeka upi?

"Sioi!" Diriye alifoka, na kipande cha tango kikaruka. "Mtu hawezi kukonda kwa amani?"

"Kukonda kwa amani ni Nairobi," alisema Bando. "Hapa kukonda ni kesi."

"Ama Saynab hakupikii?" Mzee Salah aliuliza. "Sema tu, adeer wake namjua, tutakaa kikao."

Diriye alinyoosha kidole. "Mke wangu muache. Jina la mke wangu halina kazi kwenye benchi hii."

Hapo Mzee Salah alikuwa amevuka mpaka. Mambo ya mke wa mtu hayaletwi kijiweni, na mwili wake ndio kabisa.

Simu ya Weris ikaita. Alishtuka, mikono yake ina samli, akaibonyeza na kifundo cha kidole, nayo ikajibu kwa sauti kubwa, benchi zote mbili zikapata haki yake.

"Weris! Tuko Bura. Chai tumemaliza. Wazee wanauliza, tuje ama turudi?"

Weris alihangaika kuizima ile sauti, kidole kikateleza kwenye kioo, akakata tamaa. "Kaka, yuko hapa mbele yangu. Wanakusikia wote."

Kule Bura mtu mmoja akakohoa kizee. Halafu Abdisamad akasema, sasa kwa adabu:

"Assalamu alaykum, Diriye."

"Wa alaykumu salaam."

"Nisamehe, ndugu yangu, nilitaka kuuliza kwa upole, imekuwa kwenye hadhara. Sisi mgonjwa hatumkimbii. Ugonjwa ni wa Mungu. Maskini hatumkimbii, sisi wenyewe mwaka bila mvua tunaujua. Lakini mtu wa kuficha, huyo hatuwezi kuchanganya naye damu. Leo anaficha njaa, kesho ataficha nini? Tuambie tu unakonda kwa nini, chochote kile, na gari inakuja."

Diriye aliangalia ile simu. Akamwangalia Koome, Koome akaangalia viatu vyake. Akamwangalia Bando, Bando akajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake, na simu yenyewe ameishika juu chini.

"Walaal," Weris alisema, na sauti yake haikuwa ya kuuza chai tena. "Filsan amepaka hina tangu jana. Amekaa kule nyumbani hajui kama gari imesimama. Mimi ndiye niliyeenda kumposa, mimi ndiye nitakayemwambia imegeuka. Nisaidie. Hawa masikio yao nitayaziba na mandazi. Sema."

"Si jambo la kusema hapa."

"Diriye, unakonda kwa nini?"

Alilikunja lile tango lililobaki kwenye leso, akalirudisha mfukoni. Kutoka Bura mlio wa injini ulisikika ukinguruma palepale, dereva anangoja aambiwe.

"Eeh, Mungu nisamehe," Diriye alisema. Alijifunika uso na viganja vyote viwili, akazungumza humo humo ndani. "Daktari hakuniandikia mimi. Alimwandikia Saynab. Magoti yake yamekataa kumbeba, aliambiwa asipopungua hatatembea, na mimi nikienda nyumbani nikamkosa amesimama mlangoni, hiyo nyumba sitaijua. Nikamwomba. Akasema hawezi kukaa njaa mbele ya mwanaume anayejaza sahani, kwamba nitangulie mimi, yeye atafuata. Nimetangulia. Sasa kila siku ananipakulia kama zamani, mimi nala kidogo naacha, na kile ninachoacha anakimaliza yeye, anasema kutupa chakula ni dhambi. Mimi ninakonda kwa niaba yake, Abdisamad, na yeye ananenepa kwa niaba yangu."