Mzee wa Jikoni na Jumba la Maigizo la Nyansiongo

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, waheshimiwa machifu na manaibu wao, mapadri, wachungaji wa Sabato mliofurahi kwamba leo si Jumamosi, wakulima wa majani chai, akina mama wa soko la Daraja Mbili, na wewe Mzee Angwenyi uliyekalia ndoo kule nyuma: mimi Makori, Mwenyekiti wa Komiti ya Jumba la Maigizo, nawasalimu! (Makofi ya machifu.)

Leo wanafunzi wa Mwalimu Kemuma walitaka kutuchezea mchezo wa jukwaani juu ya majirani wanaochungulia nyumba ya mtu wajue mzee anayeishi humo ni nani. Mwenye nyumba anasema ni mfanyakazi, mzee anasema, "Mimi ni baba yake." Na mchezo unaisha hivyo hivyo! Ati kila mtu ana ukweli wake. Upuuzi! Nimeusimamisha, nikaunda sabkomiti ya upelelezi, asilimia tisini ya wajumbe wakiwa mashemeji zangu, ichungulie kila dirisha, kwa sababu hapa kwetu hata mtoto anajua baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, na maendeleo hayawezi kuja huku watu wakifichana. (Vicheko.)

(Mama Gesare, muuza ndizi: "Chamani, na huyo Mzee Angwenyi anayelala jikoni kwako?")

Mama, hayo ni mambo ya ndani! Tangu lini mtu akaulizwa ya nyumbani kwake hadharani? Huyo ni mfanyakazi. Na kama wewe unaona ni mtu mwingine, basi ukweli unategemea mtu amesimama wapi. (Kelele.)

Jumba juu! Utamaduni juu! Umbea chini! (Manyunyu.)

Namalizia kwa shukrani. Asante Mzee Angwenyi kwa kutoa shamba na kukubali nyumba yako ivunjwe tupate jumba, ambalo wataalamu, baada ya kufikiria sana, walilibadilisha kidogo kwenye plani, jukwaa likawa sebule yangu na chumba cha waigizaji kikawa cha mke wangu, ndiyo maana wageni waheshimiwa mmekaa nyasini, na ndiyo maana mzee alipokosa pa kulala nilimwonea huruma nikampa jikoni. Asanteni kwa kuja kulifungua. Mvua inakuja. Baba, inuka twende nyumbani, utalowa.

(Watu wote waligeuka. Mzee Angwenyi hakuinuka kwenye ndoo yake.)

("Unaita nani, bwana mkubwa? Mimi si ni mfanyakazi?")