Mkurugenzi wa Mfumo Usio na Bwana

Wananchi wote wa Soko la Hwajeong, hapa Daegu, mnatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba mfumo wenu wa kura, usio na bwana wala msimamizi, umepata Mkurugenzi. Ndiye mimi, Pyo Gil-ryong.

Mfumo wenyewe ni wa blokcheni. Kila uamuzi wa soko hupigiwa kura kwa simu, kumbukumbu yake hukaa katika simu zote, na hakuna mkubwa anayeweza kuifuta. Asiyepiga kura huhesabiwa kuwa ameafiki. Kwa utaratibu huo maazimio yote ya ofisi yangu yamepita bila pingamizi, jambo linaloonyesha jinsi wananchi wanavyotupenda.

Azimio la karibuni lilikuwa kuwahamishia wauza tambi ghorofa ya tatu, ili chini pajengwe Ukumbi wa Wepesi wa Matumizi. Bi Gwak Sun-rye, ambaye wateja wake ni wazee wa magoti mabovu, akaja ofisini na simu mkononi.

"Mwanangu, nikipelekwa huko juu nimekwisha. Nataka kukataa. Nibonyeze wapi?"

"Mama, fungua pochi ya kidijitali, andika maneno yako ya siri, thibitisha, lipia ada ya mtandao, kisha thibitisha kwamba umethibitisha."

"Nimefanya hayo tangu juzi! Simu inaniambia nianze upya. Nisaidie basi."

"Siruhusiwi. Mfumo hauna bwana."

"Na wewe hapo kitini unafanya nini?"

"Ninausimamia."

Akanitazama kama kabichi iliyooza. "Makubwa haya!"

Malalamiko yake tuliyafanyia kazi. Kamati ilikaa, ikala, ikaongeza kidubu cha katuni kinachoinama kwa heshima katika kila ukurasa.

"Kidubu kina adabu kweli," Bi Gwak akakiri, "lakini hapana yangu iko wapi?"

Mara Meya akatangaza kwamba atakuja na wapiga picha kumshuhudia bibi wa sokoni akipiga kura kwa mguso mmoja. Tukahaha. Fundi wetu, Bi Tak, akaondoa kila kitu, vikabaki vitufe viwili tu, Naafiki na Nakataa.

"Mkurugenzi, hiki cha Nakataa nacho kiwe kikubwa?"

"Viwe sawa, kamera zitaona." Sikuwa na wasiwasi, watu wangu wamezoea kuafiki.

Siku ilipofika, Bi Gwak akabonyeza Nakataa. Soko zima likabonyeza. Azimio la ghorofa ya tatu likafa mbele ya kamera.

"Lifufue," Meya akaninong'oneza huku akitabasamu.

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Hakuna bwana."

Bi Gwak, kidole kimeshamnogea, alikuwa anapeleka hoja yake mwenyewe: mfumo usio na bwana hauhitaji Mkurugenzi. "Haya jamani, bonyezeni upesi, tambi zinalainika!" Wakabonyeza, cheo changu kikaisha. Meya akatoa hotuba niliyomwandikia, akaisoma yote, akiusifu mfumo kwa wepesi wake.

Nikakaa kwenye benchi, nimenywea. Bi Gwak akaniwekea bakuli mbele yangu. "Kula, mwanangu. Hasira hazishibishi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonja tambi zake. Ni tamu kupita kiasi. Nikamwomba bakuli la pili, akaninyooshea kidole nikapange foleni, nyuma ya Meya.